Dobi na Karatasi Mbili

Dobi alikuwa na pasi mbili za mkaa. Moja ilikuwa nzito, ya makoti na suruali. Nyingine ilikuwa nyepesi, ya mashati na magauni. Kila asubuhi alizitoa mlangoni, akazijaza makaa, akapepea kwa kipande cha boksi mpaka makaa yakawa mekundu. Kisha alilowesha kidole kwa mate na kugusa chuma. Chuma kikilia "tsss", kazi ilianza.

Chumba chake kilitazama barabara. Mbele kulikuwa na meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, na juu yake kamba tatu za kutundikia nguo. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda, godoro la watoto wawili na sanduku la bati. Uani mkewe alikuwa na mabeseni matatu: la kulowekea, la kufulia na la kusuuzia. Mke alifua, mume alipiga pasi. Hawakuwa matajiri, lakini hawakulala njaa.

Mkaa walinunua kwa jirani yao, mjane wa makamo. Mtaa mzima ulimwita Mama Mkaa. Kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua chache tu kutoka mlangoni mwa dobi. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, na kicheko chake kilisikika hadi mezani kwa dobi.

"Mwanangu," alizoea kumwambia dobi, "mimi nauchafua mtaa, wewe unausafisha. Hapa hakuna atakayekosa kazi."

Siku ambayo dobi hakuwa na fedha, Mama Mkaa alimjazia mfuko na kusema, "Utaleta." Na dobi alileta. Waliishi hivyo miaka tisa.

Kisha akaja shemeji.

Shemeji huyu alikuwa kaka wa mke wa dobi. Alikuja Jumamosi na suti ya kijivu mkononi.

"Shemeji, ninyooshee hii upesi," alisema. "Leo napanda jukwaani."

"Jukwaani? Umekuwa mwimbaji?"

"Nimekuwa mfanyabiashara. Shemeji, wewe utapiga pasi mpaka lini? Mpaka mgongo uwe kama ndoano?"

Dobi alicheka, lakini neno lile lilimchoma. Mgongo ulikuwa unamuuma kweli.

Shemeji alieleza. Kulikuwa na kampuni ya sabuni. Haikuuza dukani. Iliuza kwa wanachama tu. Mwanachama alinunua katoni za sabuni, akauza, akapata faida. Lakini utamu wenyewe ulikuwa kwingine. Mwanachama aliingiza watu wawili chini yake. Hao wawili nao wakaingiza wawili wawili. Kila aliyenunua huko chini, yule wa juu alipata kitu.

"Hii ndiyo biashara ya mtandao," shemeji alisema. "Na wewe ni dobi! Nani atakataa sabuni kutoka mkononi mwa dobi?"

Siku ile ile dobi alimfuata ukumbini. Watu walijaa. Walipiga makofi, walipiga miluzi. Mwanamume mmoja mwenye viatu vinavyong'aa alishika kipaza sauti na kusema, "Mwezi wa tatu, wewe utalala na fedha itaamka kwenda kazini!" Ukumbi ukalipuka.

Mwishoni kulikuwa na meza ya kujiunga. Dobi alipewa mkataba wa kurasa kumi na moja. Maandishi yake yalikuwa madogo kama mchwa.

"Nisome kwanza?" aliuliza.

"Huo ni utaratibu tu," shemeji alisema. "Weka sahihi hapa, hapa na hapa."

Dobi alijua kusoma. Alimaliza shule ya msingi, tena alikuwa na mwandiko mzuri. Lakini nyuma yake kulikuwa na foleni ndefu, na mtu mmoja alikuwa ameanza kuguna. Dobi aliona haya kuonekana mshamba. Akaweka sahihi hapa, hapa na hapa.

Fedha aliyolipa ilikuwa akiba ya miaka minne. Yeye na mkewe walikuwa wanaiweka ili wanunue mashine ya kufulia.

"Miezi mitatu tu," alimwambia mkewe. "Tutanunua mashine mbili."

Mkewe alikuwa anakamua shuka. Alilisokota mpaka tone la mwisho, ndipo akajibu. "Kama kaka yangu anasema ni nzuri, mimi niseme nini?"

Katoni ishirini za sabuni zikaletwa. Zikapangwa ukutani mpaka karibu na dari. Godoro la watoto likasogezwa, likakunjwa ubavuni. Chumba kikanuka malimau usiku na mchana.

Sabuni yenyewe haikuwa mbaya. Ilitoa povu, ilitoa madoa. Lakini bei yake ilikuwa mara tatu ya sabuni ya dukani.

"Dobi," mteja mmoja alimuuliza, "sabuni hii inafua na dhambi?"

Watu walicheka. Hawakununua. Katika mwezi mzima dobi aliuza katoni moja na nusu.

Alimpigia simu shemeji. Shemeji akamkemea kwa upole, kama mwalimu.

"Nani alikuambia uhangaike kuuza? Ingiza watu, shemeji! Watu ndio fedha."

Dobi alifikiri. Nani alimwamini? Akavuka barabara.

Mama Mkaa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akajifuta mikono kwenye aproni yake.

"Mwanangu, mimi nina fedha kidogo. Ni ya mabati. Paa langu ni chujio. Mvua ikija nalala na sufuria tatu kifuani."

"Utanunua mabati mapya, mama. Na dari utaweka."

"Biashara hiyo siijui," Mama Mkaa alisema. "Nakujua wewe. Wewe unasemaje? Ikienda kombo?"

Hapo dobi alifanya jambo ambalo baadaye alilikumbuka kila siku. Alikwenda nyumbani, akachana karatasi kwenye daftari la mwanawe, akarudi na kuandika kwa ule mwandiko wake mzuri: *Mimi dobi naahidi. Mama Mkaa asipopata faida katika miezi mitatu, nitamrudishia fedha yake yote mimi mwenyewe.* Akaweka tarehe. Akaweka sahihi. Mkewe, ambaye alikuwa amekuja kibandani kufuata ndoo, akashuhudia.

Mama Mkaa alikuwa anasoma darasa la watu wazima, jioni tatu kwa wiki. Alifuata maneno kwa kidole, neno moja moja. Alipofika mwisho alitabasamu.

"Nimesoma yote," alisema kwa fahari. Akaikunja karatasi na kuitia kwenye mfuko wa nailoni.

Katoni zake saba zikapelekwa chumbani kwake, chini ya lile paa.

Mwezi wa pili kampuni ilitoa tangazo. Atakayetaka kulipwa kwa ajili ya watu walio chini yake lazima anunue katoni mbili mpya kila mwezi. Dobi alikopa, akanunua. Mwezi wa tatu hakuwa na pa kukopa. Malipo yake yakazuiwa. Akaenda kwenye ofisi za kampuni na katoni nne kwenye mkokoteni.

Msichana wa mapokezi hakuinua macho. "Haturudishi bidhaa. Kanuni zimebadilika."

"Zilibadilika lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mbona sikuambiwa?"

"Tangazo jingine lilibandikwa ubaoni."

Dobi alirudi na katoni zake, akizisukuma juani. Akampigia shemeji. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena kesho yake, na keshokutwa. Baadaye wakasikia kwamba shemeji amehama. Suti aliiacha kwa mwenye nyumba badala ya kodi.

"Ni kaka yako!" dobi alimfokea mkewe. "Kaka yako ndiye aliyetufikisha hapa!"

Mkewe alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni. "Kaka yangu alikupa kalamu," alisema bila kugeuka. "Sahihi ni ya nani?"

Dobi alirudi kwenye pasi zake.

Mama Mkaa alikuja miezi mitatu ilipotimia. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, akabisha hodi.

"Mwanangu, miezi imefika. Sijaona kitu. Na mawingu nayaona."

"Nivumilie kidogo, mama. Kampuni inachelewesha."

"Mimi sikuahidiana na kampuni," alisema Mama Mkaa. Akangoja. Dobi alipoinamia pasi yake, akaondoka.

Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine. Mara ya tatu dobi alimwona kwa mbali, akajificha nyuma ya pazia. Alisimama kati ya katoni, huku mkewe akisema uongo kwamba ametoka. Tangu siku hiyo walianza kununua mkaa mtaa wa pili. Ulikuwa mbichi, ulitoa moshi. Lakini dobi aliona afadhali moshi kuliko macho ya Mama Mkaa.

Mvua zikaja. Zilinyesha siku sita mfululizo. Nguo hazikukauka, wateja walilalamika. Siku ya saba dobi alichungulia ng'ambo ya barabara na kuona kibanda cha mkaa kimefungwa.

"Hamkusikia?" fundi viatu wa jirani alisema. "Kipande cha paa kilimwangukia kitandani. Hakuumia, lakini alilala kwenye maji. Sasa ni homa ya mapafu. Mwanawe amekuja kumpeleka hospitali."

Dobi alirudi mezani. Akachukua shati jeupe, akalinyunyizia maji, akaweka pasi. Akabaki anatazama barabarani. Aliposhtuka, harufu ya kuungua ilikuwa imejaa chumba. Mgongoni mwa shati kulikuwa na alama ya pasi, kahawia, nzima, kama unyayo.

Shati lile lilikuwa la wakili.

Wakili alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani. Alifanya kazi katika ofisi ya msaada wa kisheria, nyuma ya soko. Kila Ijumaa alileta mashati meupe na suti nyeusi. Alipokuja kuchukua nguo zake, dobi alimwonyesha shati.

Wakili alilitazama. Kisha akamtazama dobi.

"Miaka miwili hujaniunguzia hata leso," alisema. "Kuna nini hapa?"

Dobi alitaka kusema ni mkaa mbaya. Badala yake maneno yote yakatoka. Ukumbi, shemeji, katoni, tangazo la ubaoni. Wakili alikaa juu ya katoni ya sabuni na kusikiliza.

"Miaka miwili unanyoosha mashati yangu ya mahakamani," alisema mwishowe, "na hukuniuliza hata swali moja."

"Niliona haya, wakili. Nilidhani kuuliza ni kwa fedha."

"Ofisi yetu haitozi fedha. Lete mkataba."

Mke wa dobi akaleta. Alikuwa ameuhifadhi ndani ya sanduku la bati, pamoja na risiti zote, moja baada ya nyingine. Wakili alizipokea kwa mikono miwili.

"Mama, risiti hizi umezitunza wewe?"

"Ndiyo."

"Hizi ndizo zitakazosema mbele ya hakimu. Wengi huja kwetu na machozi bila karatasi. Machozi hayasomeki."

Akafungua mkataba, akampa dobi. "Soma mwenyewe. Kifungu cha tisa. Kwa sauti."

Dobi alisoma kwa shida. "*Kampuni haimwahidi mwanachama kipato chochote.*" Akainua macho. "Lakini ukumbini walisema..."

"Walisema. Nani alisema? Jina lake nani? Nani atakuja kushuhudia? Shemeji yako?"

"Shemeji amehama," dobi alisema.

"Ahadi ya mdomo nayo ni ahadi," wakili alisema. "Tatizo ni kuithibitisha. Na hapa umetia sahihi karatasi inayosema kinyume chake. Sasa soma cha kumi na mbili."

"*Mwanachama akitaka kujitoa kabla ya mwaka mmoja, kampuni itachukua tena bidhaa ambazo hazijafunguliwa, na itamrudishia sehemu tisa kati ya kumi za bei aliyonunulia, ndani ya siku thelathini.*"

Dobi alisoma mara ya pili. Sauti yake ikapanda. "Imo humu! Muda wote ilikuwa humu!"

"Imo. Na kifungu cha ishirini kinasema mkataba haubadiliki mpaka pande zote mbili zitie sahihi. Ulitia sahihi tangazo la ubaoni?"

"Hata kuliona sikuliona."

"Basi kampuni imevunja mkataba. Aliyeahidi kwa maandishi akakataa kutimiza, huyo amevunja mkataba, awe mkubwa au mdogo. Tutawaandikia barua ya madai. Tutawapa siku kumi na nne. Nakala utabaki nayo. Wakikaa kimya, tunakwenda mahakama ya madai madogo."

Kwa mara ya kwanza katika miezi mingi dobi alihisi kifua kimefunguka. Akaanza hata kutabasamu. Lakini mkewe alikuwa amesimama karibu na pazia, mikono yake ikiwa bado na povu.

"Mwambie na ile nyingine," alisema.

"Ipi?"

"Baba watoto, mwambie. Ya Mama Mkaa."

Dobi alieleza kwa kifupi, hata alivyojificha nyuma ya pazia, macho yakiwa kwenye pasi. Wakili aliuliza maneno yaliyoandikwa, tarehe na shahidi. Kisha akavua miwani.

"Huo nao ni mkataba," alisema.

"Ule? Ni karatasi ya daftari la mtoto!"

"Mkataba hautazami uzuri wa karatasi. Watu wawili wamekubaliana. Mmoja ametoa fedha yake kwa sababu ya neno la mwingine. Kuna sahihi, kuna shahidi. Mama huyo akija ofisini kwangu kesho, nitamwandikia barua ya madai kama nitakayokuandikia wewe. Mdaiwa utakuwa wewe."

"Lakini mimi nami nimeumizwa!"

"Umeumizwa, nakubali. Yeye je? Katoni zake ziko wapi?"

"Zimeharibika," dobi alisema. Fundi viatu alikuwa amemwambia. Maboksi yalilowa, pakiti zikapasuka, sabuni ikageuka uji sakafuni. Kampuni isingechukua hata pakiti moja.

"Kwa hiyo kampuni haitamlipa," wakili alisema. "Kinga yake ni karatasi yako tu. Dobi, nitakutetea mbele ya kampuni. Lakini huwezi kumwambia hakimu 'ahadi ni deni' asubuhi, halafu jioni ujifiche nyuma ya pazia."

Barua ya madai ikaandikwa. Siku kumi na nne zikapita bila jibu. Wakafungua shauri.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, chenye madawati manne na feni iliyoharibika. Kampuni ilileta mwanasheria kijana. Alisema kanuni mpya zilitangazwa, na kwamba mwanachama ana wajibu wa kusoma ubao.

Hakimu aligeuza kurasa. "Sahihi ya mdai kwenye mabadiliko hayo iko wapi?"

"Mheshimiwa, ilikuwa kanuni ya ndani..."

"Nimeuliza sahihi."

Haikuwepo. Hakimu aliamuru kampuni ichukue katoni zote ambazo hazijafunguliwa na ilipe sehemu tisa kati ya kumi, kama mkataba ulivyosema. Kwa kuwa kampuni ilisema haina fedha ya kutosha kwa wakati mmoja, akaruhusu ilipe kwa awamu tatu.

Lakini hakimu hakuishia hapo. Ada ya kujiunga haikurudi, kwani mkataba ulisema hairudi. Katoni zilizofunguliwa hazikurudi. Na ile fedha ya kila mwezi iliyoahidiwa ukumbini, hakimu aliuliza nani aliiahidi. Dobi alitaja viatu vinavyong'aa. Watu wakacheka, naye hakimu akatikisa kichwa.

Nje, kwenye ngazi, wanachama wengine walikuwa wanangoja zamu zao. Mmoja alikuwa ametupa risiti. Mwingine mkataba wake ulikuwa umeliwa na panya. Mwanamke mmoja alikuwa ameingiza wadogo zake watano, na hakuna aliyekuwa akimpokelea simu.

"Umeshinda?" mwanamke yule alimuuliza dobi.

Dobi alikunja karatasi ya hukumu. "Nimerudishiwa nusu," alisema.

Awamu ya kwanza ilipotoka, mkewe alikuwa wa kwanza kusema. "Hii siyo yetu."

"Tuna deni la kodi," dobi alisema. "Tuna mikopo ya mwezi wa pili."

"Najua. Mwenye nyumba ana paa."

Nyumbani kwa mwana wa Mama Mkaa kulikuwa ng'ambo ya mji. Mwana mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa fundi bomba, mpana wa mabega.

"Umeleta sabuni nyingine?" aliuliza.

"Nimeleta fedha ya mama. Sehemu ya kwanza."

Mwana akasogea kando.

Mama Mkaa alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki sebuleni, amejifunika shuka. Dobi hakumtambua mara moja. Mikono yake ilikuwa misafi. Haikuwa na mkaa hata chembe, na kwa usafi huo ilionekana ya mtu mwingine. Alikohoa, akangoja kikohozi kipite.

"Dobi," alisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Dobi aliweka fedha mezani. Kisha akatoa karatasi aliyosaidiwa kuandika na wakili. Ilitaja kiasi anachodaiwa, tarehe tatu za kulipa, na kwamba asipolipa kwa tarehe, Mama Mkaa anaweza kwenda mahakamani bila kungoja. Mama Mkaa alimwambia asome. Dobi akasoma. Akamwambia asome tena. Kisha akaichukua, akaifuata mwenyewe kwa kidole, polepole, mpaka sahihi.

"Huku ninakokaa sina darasa," alisema. "Najitahidi nisisahau."

Dobi alilipa awamu ya pili kwa tarehe. Ili ya tatu isipungue, alifanya kazi mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Mashine ya kufulia hawakuitaja tena.

Katika miezi hiyo jambo moja lilianza, bila mtu kulipanga. Muuza matunda alikuja na fomu za kampuni nyingine, ya majani ya chai ya dawa. Hakuleta nguo za kufua.

"Wewe ulipitia haya," alisema. "Nisaidie kutazama."

Dobi alisukuma nguo pembeni, wakasoma pamoja kurasa zote, mpaka makaa yakapoa.

"Fedha inatoka wapi?" dobi alimuuliza. "Kwa watu wanaokunywa chai, au kwa watu unaowaingiza?"

"Wanaoingizwa."

"Na chai ikikudodea, wanaichukua?"

Muuza matunda alipekua mbele, akapekua nyuma. "Hawajaandika."

"Kama hawajaandika, jihesabu umebaki nayo."

Muuza matunda alikunja fomu, akaondoka nazo. Hakutia sahihi. Baadaye akaja fundi viatu na mkataba wa pango, kisha mama mmoja na karatasi za mkopo. Palipomshinda dobi, aliwaelekeza kwa wakili, nyuma ya soko, Jumatano, bila malipo. Wakili alimwambia kwamba mwaka huo watu watatu wa mtaa wake walikuja ofisini kabla ya kutia sahihi. Miaka yote ya nyuma hakuna hata mmoja aliyewahi kufanya hivyo.

Siku ya awamu ya mwisho dobi alikwenda na mkewe. Kibanda cha mkaa kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine, na chumba cha Mama Mkaa kilipangishwa kwa mtu aliyekiezeka mwenyewe. Daktari alikuwa amemkataza vumbi la mkaa maisha yake yote. Fedha ya mabati ilikuwa imetimia, lakini paa la kuezeka halikuwepo tena. Alisema ataitumia kwa dawa.

Dobi alitoa risiti aliyoiandika mwenyewe nyumbani. Aliisoma kwa sauti. "*Mimi Mama Mkaa nimepokea fedha yangu yote kutoka kwa dobi. Sina madai mengine yoyote juu yake.*"

"Lete," Mama Mkaa alisema.

Akaiweka magotini. Kidole kikatembea juu ya mstari wa kwanza, kikafika mwisho, kikarudi. Kikatembea juu ya wa pili. Hapo kikasimama.

"Huu wa pili umeuandika wewe, au ni wakili?"

"Ni mimi, mama. Ndivyo risiti zinavyoandikwa."

"Wa kwanza ni kweli," alisema Mama Mkaa. "Umeleta fedha yote, sikudai tena hata senti. Huu mwingine ukate."

Mke wa dobi aliinua uso, kisha akauinamisha. Mwana alisimama mlangoni. Dobi akachukua kalamu na kuukata mstari wa pili. Kando ya pale palipokatwa akaweka sahihi yake, kama wakili alivyomfundisha, akampa Mama Mkaa kalamu.

Mama Mkaa akaandika jina lake, herufi moja moja, bila haraka. Akarudisha kalamu.

"Mkitoka," aliwaambia, "nifungieni mlango, kuna upepo."